Hema la Waliopotea

Nyumbani kwa kakangu, Timbwani, Idi haikuwa siku moja. Idi mosi ilikuwa ya kuswali, kula na kuzuru jamaa. Idi pili ilikuwa ya watoto kupelekwa kwenye bembea na kununuliwa miwani ya plastiki ambayo huvunjika kabla ya Magharibi. Idi tatu ilikuwa yetu sote. Tulikodi gari mbili, tukavuka feri, tukapita mjini na kuingia Kisauni mpaka Bamburi, tukashinda ufuoni na pilau yetu. Bahari tulikuwa nayo upande wetu wa Likoni pia, karibu tu na nyumba, lakini hiyo tuliihesabu kama uani. Matembezi ni mpaka uvuke maji, uvae vizuri, na watu wakuulize wenda wapi.

Mimi nilianza kwenda matembezi hayo nikiwa mtu mzima, nimeshapita miaka hamsini. Kabla ya hapo nilikuwa mke wa mtu Kisauni, na mume wangu hakuwa mtu wa kutembea. Ufuo ule ulikuwa jirani yetu, lakini katika ndoa yote ile niliuona kwa dirisha la gari tu, tukipita kwenda kumzika mtu au kumpa pole mgonjwa. Nilikuwa nikiwaona wanawake wenzangu wameketi chini ya mivinje, miguu wameinyoosha, wanachambua mabuyu, nami nikigeuza uso kama mtu anayepita mbele ya duka ambalo hana kitu cha kununua.

Aliponipa talaka nilirudi kwa kakangu. Nilipewa chumba cha nyuma, karibu na jiko, chumba kizuri chenye hewa. Naomba nisieleweke vibaya: nyumba ile hakuna aliyenitesa. Wifi yangu hakuwahi kunipigia kelele, na watoto waliniita shangazi kwa adabu, nikiwaita wakaitika abee. Tatizo lilikuwa langu. Nilikuwa naona haya kula chakula cha nyumba isiyo yangu, kwa hiyo nilikipika. Nilianza na chai ya asubuhi, nikaongeza chakula cha mchana, na kabla ya mwaka kwisha jiko zima lilikuwa langu, na ikawa ajabu mtu mwingine akionekana ameshika mwiko. Pilau ya Idi tatu nayo ikawa yangu. Hakuna aliyeniamuru. Nilijiweka mwenyewe.

Mwaka ninaousimulia mvua za masika zilikuwa zimechelewa, na Idi ndogo ikatukuta na jua kali. Sufuria yetu kubwa ilikuwa imetoboka, basi wifi akaazima ile ya akina mama wa mtaani, inayozunguka kwenye harusi na matanga. Akaniambia, "Wifi, hii ni ya watu, kesho ina safari nyingine. Tusiipoteze hata kifuniko." Nikamwambia asiwe na shaka. Niliamka alfajiri nikakaanga vitunguu mpaka moshi ukaingia kwenye nguo zangu za Idi zilizotundikwa ukutani, na tulipokuwa tukipanda gari wenzangu walinukia udi, mimi nanukia bizari. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya mtoto.

Ufuo ulijaa hadi mtu hakuweza kuona mchanga. Kulikuwa na watu wa Magongo, wa Kiembeni, wa Mishomoroni, na wengine waliokuja kutoka bara, wanaojulikana kwa kupiga kelele kila wimbi linapowagonga goti. Ngamia walipita na shanga zao shingoni. Vijana walikodisha mipira ya matairi. Sisi tulipata mahali chini ya mvinje mmoja ulioinama, tukatandika mkeka, na binti mkubwa wa kakangu, ambaye wakati huo alikuwa chuoni, akanivuta mkono.

"Shangazi, twende majini."

"Na buibui hili?"

"Na buibui hilo hilo."

Tukaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa vuguvugu. Alinipiga picha kwa simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imezima, akaitia ndani ya mkoba wake ili isilowe. Pochi yangu ilikuwa ndani ya kikapu cha vyombo. Nilikuwa nimebaki mikono mitupu, na hilo nalo lilinipendeza, kuwa mtu asiyeshika kitu.

Baada ya kula, watu wakajilaza. Mimi nikaitazama ile sufuria na masizi yake. Wifi akasema, "Iache, tutaiosha nyumbani," lakini nikaona itachafua nguo za watu garini, nikaibeba nikaenda kwenye bomba lililo nyuma ya vibanda vya chakula. Palikuwa na foleni, na maji yalitoka kama machozi. Niliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Nilipomaliza Alasiri ikaadhiniwa, na karibu na barabara kuna msikiti mdogo wenye mahali pa wanawake. Nikaiacha sufuria mlangoni, nikaswali, kisha nikaketi. Palikuwa na kivuli na feni, na hakuna mtoto aliyekuwa akiniita. Sikuwa na haraka.

Niliporudi, chini ya ule mvinje ulioinama palikuwa na watu wengine.

Nilidhani nimekosea mti. Nikatazama nyuma, nikatazama mbele. Mti ulikuwa ule ule, na maganda yetu ya machungwa yalikuwa pale pale, lakini mkeka ulikuwa mwingine, na juu yake ameketi mama mmoja na wanawe wakifungua viazi vya karai kutoka kwenye gazeti. Akaniona nimesimama na sufuria.

"Karibu, mama."

"Ahsante. Kulikuwa na watu hapa."

"Wameondoka kitambo kidogo. Walikuwa na gari mbili."

"Aa, najua," nikasema. "Niliwaambia watangulie."

Uongo ule ulinitoka kabla sijaufikiria. Nilimwacha nikatembea polepole, kama mtu mwenye mpango, na nilipofika mahali ambapo hawezi kuniona nikakimbia hadi kwenye maegesho. Gari zetu hazikuwapo. Pale zilipokuwa zimeegeshwa kulikuwa na madoa ya mafuta na mtu akiuza kachiri za muhogo.

Sikuogopa. Lau ningeogopa ingekuwa nafuu, maana mwoga hupiga kelele na kelele huleta watu. Kilichonipata ni aibu, na ilianzia miguuni ikapanda kama homa. Ningeweza kumwendea mtu yeyote, ilikuwa sikukuu na watu walikuwa na moyo wa kutoa, nikamwambia anisaidie nauli. Lakini ningesema nini? Ningesema nimepotea? Mji huu nimezaliwa humu, njia ya kwenda feri naijua hata nikifumba macho. Ningesema nimeachwa? Neno hilo nilikuwa nimeshalibeba mara moja. Kwetu mwanamke aliyepewa talaka husemwa ameachwa, na nilikuwa nimelisikia likinong'onwa nyuma yangu harusini na sokoni kwa miaka kadhaa. Sasa nilikuwa nimeachwa tena, na ndugu zangu safari hii, na bila hata mtu kugombana nami.

Nikawa natembea, naenda na kurudi, sufuria mkononi. Mwanamume mmoja aliyelowa maji akanisimamisha.

"Mama pilau, sahani hapo ni pesa ngapi?"

Nikamfunulia kifuniko aone kuwa haina kitu. Akaomba radhi. Nilitamani mchanga unimeze.

Msichana mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa alikuwa ameniona. Walikuwapo vijana wa kujitolea siku hiyo, waliowekwa kuangalia watu wasizame na watoto wasipotee. Alinifuata akaniambia kwa Kiswahili cha bara, kwa upole, "Mama, nimekuona ukipita hapa mara nyingi. Umepoteza mtoto?"

"La, mwanangu."

"Sasa ni wewe umepotea?"

Akanichukua sufuria, akanishika mkono kama unavyomshika kipofu, akanipeleka kwenye hema lao.

Lilikuwa hema la watoto waliopotea. Ndani yake palikuwa na benchi, na kwenye benchi watoto wanne au watano, kila mmoja na kilio chake. Walikuwa wakigawiwa biskuti na juisi ya pakiti yenye mrija. Msichana akanipa na mimi biskuti na juisi. Nikaipokea. Nilikuwa na kiu, na nikainywa yote, nimeketi baina ya watoto, na mrija mdomoni.

"Unakumbuka namba ya simu ya mtu wako yeyote?" akaniuliza.

Namba za watu wa nyumba ile zilikuwa ndani ya simu, sikuwahi kuzihifadhi kichwani. Namba moja tu niliijua kwa moyo, nayo ilinijia yote bila kukatika. Ilikuwa ya aliyekuwa mume wangu. Alikuwa bado anaishi Kisauni, hapo karibu, angeweza kufika mara moja. Nilimwona akilini akiingia hemani, ananitazama, haulizi kitu.

"Sikumbuki," nikasema.

"Basi niambie jina tutangaze."

"Jina msitaje."

Msichana akacheka kidogo, akaona sicheki. Akaenda kumnong'oneza yule mwenye kipaza sauti, na baada ya kidogo nikasikia ufuo mzima ukitangaziwa: "Kuna mama mtu mzima, amevaa buibui jeusi na mtandio wa kijani, ana sufuria kubwa. Watu wake wafike katika hema la waliopotea. Narudia, ana sufuria kubwa." Mahali fulani watu wakacheka. Vichwa vya watoto vikachungulia hemani kumwona mama mwenye sufuria. Nikauvua ule mtandio wa kijani nikaukunja nikauficha mapajani, nikabaki na ushungi wa buibui, nikijua vizuri kwamba kwa kufanya hivyo ninawapoteza hao wanaonitafuta, kama wapo.

Kulikuwa na binti mdogo pembeni yangu, nguo yake ya Idi ya wavu imechanika, kiatu kimoja. Alikuwa amelia mpaka kwikwi. Nikamsogezea kifuniko cha sufuria, akakigonga. Akakigonga tena. Nikamwonyesha namna ya kupiga kwa vidole, akanyamaza, tukawa tunapiga pamoja taratibu.

Mamake alikuja akikimbia, ushungi umemvuka, anapiga mayowe tangu mbali. Alimzaba mtoto kofi la tako, kisha akamkumbatia, akamnusa nywele, akamzaba tena, akalia. Alikuwa akisema, "Ningemwambia nini babako? Ningemwambia nini?" Hakujali nani anamtazama. Sijapata kumwona mtu aliyetafutwa namna ile, na wallahi, mtu mzima mimi, nilimwonea wivu mtoto wa miaka minne.

Yule mama alipopata pumzi akanigeukia. "Ahsante sana, mama, kwa kunikalia mtoto. Mungu awalipe kwa kazi hii."

Alidhani mimi ni wa hema. "Si kitu," nikamjibu.

Basi nikashika kazi hiyo. Nilisimama nikawapangusa watoto kamasi, nikawafunga kamba za viatu, nikawagawia biskuti. Watoto walichukuliwa mmoja mmoja, wengine wakaletwa. Kila mzazi aliyeingia alinishukuru. Nilijua ninajificha, lakini angalau mikono yangu ilikuwa na shughuli.

Jua lilikuwa limeshapoa binti wa kakangu alipotokea, viatu mkononi.

"Shangazi! Shikamoo."

"Marahaba. Mbona wahema hivyo?"

"Shangazi, sisi tulifika mpaka feri!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Kila gari ilidhani uko kwenye ile nyingine. Tulipofika kwenye foleni mama akaiulizia sufuria ya watu, hataki isahaulike garini. Wa gari letu wakasema iko kwenu, wa gari la pili wakasema iko kwenu. Ikatafutwa hadi chini ya viti. Ndipo mmoja akasema, sufuria alikuwa nayo shangazi. Ndipo mama akauliza, na shangazi yuko wapi?"

Alinisimulia hayo bila ubaya wowote. Alikuwa msichana mwenye moyo safi na alikuwa amekimbia mchangani kuja kunichukua. Hakusikia alichosema. Mimi nilikisikia. Kwanza ilitafutwa sufuria.

"Makosa yangu," nikamwambia. "Nilikawia msikitini."

Dereva alikuwa akitusubiri. Njia nzima nilimuuliza habari za chuo.

Feri tulimkuta kakangu amesimama kando ya barabara, mikono nyuma. Ni mkubwa wangu, na tangu utotoni si mtu wa maneno. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Umetutia wasiwasi." Nikamwomba radhi. Mimi nikamwomba yeye radhi, mbele ya gari mbili za watu waliochoka wakitaka kwenda kulala.

Baada ya wiki mbili tatu ikawa hadithi ya nyumba. "Siku shangazi alipotupotea," ndivyo wifi yangu alivyoianza kila mara, na alijua kusimulia. Aliigiza yule mwenye kipaza sauti kama nilivyomweleza, akaiga jinsi nilivyokutwa nikipangusa watoto kamasi kama mwajiriwa. Kadiri alivyorudia ndivyo ilivyonoga. Mara moja aliniweka juu ya ngamia. Wageni walicheka hadi kushika mbavu. Na mimi nilicheka. Zaidi ya kucheka, nilimsaidia: akisahau habari ya juisi na mrija, nilimkumbusha. Kisha nikienda chumbani mashavu yakiniuma kwa kucheka nikawa najiuliza ni mwanamke gani huyu anayewapelekea watu kuni za kumchomea.

Wakati huo huo ikaja posa ya binti wa kakangu. Familia ya mvulana ilitoka Magongo, watu wa heshima, wenye maduka, wakaja baada ya Alasiri na sinia zao zilizofunikwa. Wanaume waliketi sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia tu baina yao. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Nilipoingia na sinia la chai na kaimati, mazungumzo yalikuwa yamepoa kidogo, kama kawaida ya watu wanaojuana kwa mara ya kwanza, na wifi akatafuta kitu cha kuyachangamsha. Macho yake yakaniangukia.

"Huyu wifi yangu mumwone hivi hivi," akawaambia. "Idi iliyopita alitupotea, na umri wake huu, akatangazwa kwa kipaza sauti pamoja na watoto wachanga."

Wageni wakatabasamu, wakajiweka sawa kusikiliza.

"Sikupotea," nikasema. "Mliniacha."

Sikupandisha sauti. Niliyasema kama unavyomrekebisha mtu aliyekosea jina la mtaa. Lakini wifi alifunga mdomo, na vile chumba kilivyokuwa kimya nikasikia kwamba na upande wa pili wa pazia wanaume nao wamenyamaza. Nilikuwa bado nimeshika sinia. Nikaliweka chini.

Mama mmoja wa upande wa mvulana, mtu mzima, alichukua kikombe, akaonja, akasema, "Chai hii ina iliki nzuri sana." Mwenzake akaitikia kwamba ndiyo, ina iliki. Hivyo wakatuvusha.

Nilidhani ningepata raha kwa kusema kweli. Sikupata. Nilirudi jikoni nikaketi juu ya gunia la mkaa na nguo zangu nzuri, na aibu iliyonikamata ilishinda ile ya hemani. Kule nilikuwa nimeaibika mimi peke yangu mbele ya watu nisiowajua. Hapa nilikuwa nimemvua nguo kakangu mbele ya wakwe zake, siku anayomtoa binti yake wa kwanza, nyumba aliyonipokea. Wageni walipoondoka, binti akaja kusimama mlangoni. Hina bado ilikuwa mbichi vidoleni mwake.

"Shangazi, leo? Hukuona siku nyingine ila siku yangu?"

Siku zilizofuata alinisalimia kwa midomo tu. Wifi naye alinizunguka kwa adabu nyingi mno, akinishukuru kwa kila kijiko cha chumvi, na adabu ile ilikuwa nzito kuliko matusi.

Kakangu hakusema kitu, mpaka asubuhi moja alipoingia jikoni. Hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Alitazama huku na huku kutafuta pa kuketi, akaishia kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamemfika kifuani, mvi zake zote mbele yangu. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Siku ile," akasema, "niliyewahesabu watu ni mimi."

"Siku gani?"

"Waijua. Kabla gari hazijaondoka Bamburi niliwahesabu mimi mwenyewe, gari la kwanza na la pili. Hesabu ilikuwa sawa na ya asubuhi."

"Haiwezi kuwa sawa, kaka. Mimi sikuwamo."

"Ilikuwa sawa." Alikuwa akitazama sakafu. "Nimeifikiria tangu siku ile. Nimewataja mmoja mmoja kwa majina. Ilikuwa sawa kwa sababu hata asubuhi sikukuhesabu. Nilisimama mlangoni nikahesabu wote walio mbele yangu, na wewe ulikuwa hapa ndani unafunga kifuniko cha sufuria kwa leso."

Nilikuwa na punje ya mchele kidoleni. Naikumbuka, ilikuwa na ganda.

"Sijui kwa nini," akasema. "Wewe ni dada yangu. Tumezaliwa tumbo moja. Sijui."

Hakuniomba msamaha, na mimi namshukuru kwa hilo, maana ningelazimika kumwambia nimesamehe. Kisha akauliza kama nataka anikunie nazi, kwa kuwa ameshakaa mahali pake, na nikamwambia leo sipiki cha nazi. Akainuka kwa shida, akishika ukuta, akatoka.

Nimejiuliza mara nyingi kama alinitendea wema au la. Kabla ya asubuhi ile nilikuwa na watu walionisahau siku moja, kwa pilikapilika, jambo linaloweza kumpata yeyote. Baada yake nilijua zaidi. Na nilimwonea haya yeye pia, mzee mzima amejikunja juu ya mbuzi, akitoa kitu ambacho angeweza kwenda nacho kaburini bila mtu kukijua. Kuna siku nilitamani asingeniambia.

Posa ilikubaliwa. Watu wa Magongo hawakuikumbusha habari ile hata mara moja, na binti alipoanza kuhangaikia nguo za harusi alihitaji mtu wa kumshonea, nami nina cherehani, kwa hiyo tukaanza kusemezana, kwanza habari za vipimo na vishikizo, halafu habari nyingine. Sikumwambia nisamehe. Nilimshonea.

Idi kubwa ilipofika, wifi aliagiza pilau kwa mpishi wa mtaani. Alikuja kuniambia mlangoni kwangu, macho pembeni: "Leo hupiki, wifi. Pumzika." Nilipumzika. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupika. Nilivaa mapema nikaketi ukumbini na mikono yangu, sijui niiweke wapi, nikiona haya kupita jikoni kama mwizi. Na wakati wa kuondoka kakangu alisimama uani, akapaza sauti hadi majirani wakasikia, "Dada yangu yuko? Dada yangu aingie kwanza!" Watoto wakanitazama. Niliingia kwanza, kichwa chini.

Ufuoni kila mtu alikuwa na habari yangu. Nikiinuka, ninaulizwa wenda wapi. Nikienda chooni, ninatumiwa binti anisindikize. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma na bahari ilikuwa imechafuka, hakuna aliyeingia majini zaidi ya kulowesha miguu, lakini watoto walikuwa na mpira na wifi alikuwa amecheka mara mbili, kicheko chake cha kweli, kwa jambo lisilonihusu. Ilikuwa siku nzuri. Ningeweza kuifurahia.

Ila ilipofika Alasiri sikwenda msikitini. Niliswali pale pale juu ya mkeka, kisha, bila mtu kusema kitu habari ya kuondoka, nikainuka nikaenda kwenye gari. Dereva alikuwa amelala kwenye nyasi na mlango ulikuwa wazi. Nikaingia nikaketi kiti cha nyuma karibu na dirisha. Ndani kulikuwa na joto kama tanuri. Nilijiambia nitoke, niko na watu wangu, wamekuwa wakinichunga siku nzima kama yai, hawawezi kurudia. Nilijua hawawezi. Miguu haikutoka. Niliona haya kukaa pale kama mtoto anayeogopa kuachwa, na nikakaa.

Baadaye kakangu akaja, anatembea kwa fimbo mchangani. Akachungulia dirishani.

"Bado mapema," akasema. "Hatuondoki sasa."

"Najua."

Akatazama kule walikokuwa wengine, akanitazama mimi. Nilitarajia aniambie nitoke, au aulize kuna nini, na nilikuwa nimeshaandaa uongo kwamba kichwa kinaniuma. Badala yake alizunguka upande wa pili, akapanda polepole, akajibwaga kiti cha mbele yangu, akafuta jasho shingoni kwa kofia yake.

"Hapa pana joto," akasema.

"Fungua hilo dirisha lako."

Akalifungua. Tukakaa, mimi na yeye, tukawatazama watoto wakikimbiza mpira mpaka wenzetu walipokunja mkeka.